Mwaka Tulipohesabu Nyuma ya Slipu

Vijana wa meza ya takwimu, wiki iliyopita mlinipigia simu mkaniuliza kwa nini ripoti zenu za tija zinarudishwa kila mara kutoka makao makuu. Niliwajibu kwamba nitawaandikia, maana kwenye simu ningeishia kucheka na salio lenu lingekwisha. Nimestaafu, niko zangu Uyole, nina mahindi ya kupalilia na magoti yanayonidai mapumziko kila saa. Lakini lile jina mlilonibandika ofisini, Mama Tija, bado linanifuata mpaka sokoni. Juzi muuza viazi kaniambia, "Mama Tija, leo bei imekua kuliko tija yako." Nikanunua kwa bei yake, ningefanyaje.

Basi nawaandikia. Msitegemee mpangilio, nitaruka huku na huku kadiri ninavyokumbuka.

Kwa wale walioingia mwezi huu, niseme kwanza kazi yenyewe ilikuwa nini. Benki yetu ilikuwa na matawi katika nchi nne: hapa kwetu, Zambia, Malawi na Uganda. Kila mwaka makao makuu walitaka kujua tija ya kila tawi imekua kiasi gani, ili walinganishe tawi na tawi, nchi na nchi. Tija kwa lugha ya jikoni ni hivi: chukua kazi iliyotoka, igawe kwa nguvu iliyoingia. Ukuaji wake ni jibu la mwaka huu ukiliweka kando ya jibu la mwaka jana. Kulieleza ni pumzi moja. Kulifanya kulinimalizia ujana wangu wote pale ofisi ya kanda Mbeya.

Maana fundi cherehani utahesabu suruali alizoshona. Mwenye mashine ya mpunga utahesabu magunia. Benki inatoa nini? Ukisema inatoa mikopo, nitakuuliza mkopo wa kwacha utaupimaje na wa shilingi, na kila moja bei za vitu zinaiyeyusha kwa kasi yake. Wakubwa walichoka kubishana wakaamua: hesabuni slipu. Kila karatasi anayojaza mteja kuweka au kuchukua fedha ni kazi moja iliyofanyika, iwe Lusaka au Ilula. Ilikuwa amri rahisi na sote tuliipenda, mimi wa kwanza.

Upande wa nguvu iliyoingia nako nilichemsha mapema kabisa. Mwaka wangu wa kwanza pale kanda nilituma jedwali lililoonyesha kwamba mfanyakazi mmoja wa Malawi anafanya kazi ya watu wetu wawili. Mkuu wa kanda aliniita akaniuliza kama watu wetu wanalala kazini. Nilitoka mle ofisini nikakagua jedwali upya, sikuona kosa. Aliyeniokoa alikuwa Bwana Banda, aliyekuwa na meza kama yangu upande wa Zambia, na Kiswahili chake alikiokota Tunduma pale mpakani.

"Dada Tusekile," akanipigia, "walinzi umewaweka wapi?"

"Wamo. Ni waajiriwa wetu."

"Malawi mlinzi ni wa kampuni ya nje. Hayumo kabisa. Na mpika chai?"

"Yumo."

"Huko kila mtu anajichemshia mwenyewe, dada."

Mwe bandu, jamani! Nilikuwa nimelinganisha nyumba yenye bibi, shangazi na wajukuu sita na kijana aliyepanga chumba kimoja. Nilipowatoa walinzi na mama wa chai kwenye hesabu, Malawi na sisi tukakaribiana mpaka nikaona aibu. Kwa hiyo kabla hujaandika namba ya nchi nyingine, mpigie mtu wa nchi hiyo umuulize nani anafagia. Hilo sikulisoma darasani.

Sasa niwaambie habari za Mzee Kihwele, maana ndiye aliyenifundisha kazi, na ndiye hasa sababu ya barua hii.

Nilimkuta tawi la Iringa nilipoanza, mimi binti wa Tukuyu nisiyejua hata salamu yao ya "Kamwene" inaitikiwaje. Yeye alikuwa keshia mkuu, Mhehe mrefu mwenye koti moja la kijivu alilolivaa msimu wa baridi na msimu wa joto. Kuanzia siku ya kwanza aliniita mwanangu, nami nikamwita baba, na hakuna aliyeshangaa.

Miaka baadaye, nikiwa tayari nimehamia kanda, nilitumwa Iringa na saa ya kupimia dakika. Makao makuu walitaka kujua mteja mmoja anachukua muda gani dirishani. Nikasimama nyuma ya Mzee Kihwele. Akaja mama mmoja mtu mzima, kanga mbili, kikapu kichwani. Nikabonyeza saa.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba."

Wakaulizana habari za nyumbani. Wakaulizana habari za mvua. Mzee akauliza habari za yule mtoto aliyevunjika mkono, mama akasema si mkono baba, ni mguu, na amepona. Mzee akaitikia kwa furaha, ndipo akapokea kitabu cha akiba. Saa yangu ilikuwa imekwenda vibaya sana.

"Baba, unaniharibia jedwali," nikamnong'oneza. "Zambia wanaanza kupima karatasi ikigusa meza. Sisi tunaanza mtu akifika. Salamu hizi zote ni kazi au si kazi?"

Akanigeukia kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba ya kiatu. "Huyu mama hana kitambulisho, mwanangu. Sahihi yake ni dole gumba. Mimi nilijua ni mguu. Nimesema mkono makusudi. Angekuwa mwingine amechukua kitabu cha mwenzake, angeitikia tu."

Nilibaki nimeshika saa kama mjinga. Zile dakika nilizotaka kuzifuta ndizo zilizokuwa ulinzi wa fedha ya yule mama. Niliziacha kwenye jedwali nikaandika maelezo chini yake, ukurasa mzima, na makao makuu wakarudisha wakisema maelezo ni marefu mno. Nawakumbuka wale wateja na foleni ile ya Iringa kuliko ninavyokumbuka harusi yangu, na mume wangu akisoma hapa atanisamehe.

Baadaye Mzee Kihwele akapewa umeneja wa tawi dogo jipya la Ubaruku, kule kwenye mpunga. Watumishi watatu yeye akiwemo, chumba kimoja na stoo, vumbi la pumba likiingia dirishani wakati wa mavuno. Alipapenda kama shamba lake mwenyewe. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu na alitaka astaafie pale pale.

Ndipo ikaja ile barua ya makao makuu. Tawi litakaloshika mkia kwa ukuaji wa tija katika nchi zote nne litafungwa, na mahali pake liwekwe gari litakalofika siku moja kwa wiki. Nikachukua slipu zilizoripotiwa, nikazipanga. Wa mwisho, chini kabisa, nyuma ya vitawi vya Malawi ambavyo sikuwahi hata kuvisikia, alikuwa Ubaruku.

Sikuamini. Nikapanda gari nikaenda kuona kwa macho yangu. Ilikuwa msimu wa kuuza mpunga na watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Nikaketi kwenye pembe nikawatazama wale watatu, hawakuinua kichwa tangu asubuhi. Lakini rundo la slipu lilikuwa dogo, dogo kabisa. Nikachukua moja nikaigeuza.

Mbele palikuwa na jina moja, la kikundi cha wakulima wa mashine fulani, na jumla moja. Nyuma yalijipanga majina kumi na tisa kwa mwandiko wa Mzee Kihwele, kila moja na kiasi chake.

"Baba, hii nini?"

"Slipu ya lumbesa," akasema, na karani wake mmoja akacheka.

Mnajua lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa mpaka linaota kilemba juu ya mdomo, mnunuzi analihesabu moja na mkulima analia. Vitabu vya slipu vilikuwa vinachelewa kuja kutoka Dar kila msimu wa mavuno, vikaisha wakati watu wamejaa. Mzee akaona wakulima wanakuja kwa vikundi, kutoka mashine moja. Akawaandikia slipu moja kwa kikundi, majina nyuma, kisha yeye na wenzake wakaingiza kila mtu kwenye kitabu chake. Kazi ya watu kumi na tisa, karatasi moja. Alifanya hivyo tangu tawi lifunguliwe, na hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuona kama ni jambo la kuambia.

Nilirudi Mbeya na furaha. Nikachukua slipu zote za mwaka ule nilizobeba, nikahesabu majina ya nyuma badala ya karatasi. Tawi likapaa. Nikalilinganisha na mwaka jana, na ukuaji wake ukawa mkubwa kuliko wa tawi lolote katika nchi nne.

Hapo sasa, vijana wangu, someni polepole. Mwaka huu nilihesabu majina. Mwaka jana tulihesabu karatasi. Huo haukuwa ukuaji, nilikuwa nimebadilisha kipimo katikati ya kupima. Ili hesabu iwe halali ilinibidi nirudi Ubaruku, nifungue maboksi ya mwaka jana kule stoo, nihesabu majina yale nayo. Ilikuwa Ijumaa na ripoti ilitakiwa Jumatatu. Nilijiambia muda hautoshi, nitasahihisha baadaye. Uongo. Niliona kosa kabla sijatuma, nikalitazama vizuri, nikatuma. Sikutaka wamfungie baba yangu tawi.

Hakuna aliyeniuliza ile namba nimeitoa wapi. Walinipongeza. Walimpongeza na mkuu wa kanda. Kisha wakaamua mkutano wa mwaka wa nchi nne ufanyike Mbeya, na meneja wa Ubaruku aje awaeleze wenzake siri ya mafanikio yake.

Siku ya mkutano nilimpokea stendi. Lile koti la kijivu lilinuka dawa ya nondo, na shati alikuwa amelipiga pasi mpaka kola imesimama. Tulipokuwa tunapanda ngazi za ukumbi akanishika mkono.

"Mwanangu, nimekaa wiki mbili nafikiri. Tumefanya nini mwaka huu ambacho mwaka jana hatukukifanya?"

"Mmejitahidi tu, baba."

Akanitazama kidogo, akaingia ndani.

Alisimama mbele ya watu wa nchi nne hana hata karatasi. Akasalimia, akaulizia safari zao mmoja mmoja, mpaka mkuu wa kanda akaanza kutazama saa. Kisha akasema, "Ndugu zangu, nimetafuta hiyo siri. Nilichokipata ni kwamba mwaka huu kiti chetu kimoja kilivunjika, tukawa watatu kwenye viti viwili. Labda ndiyo hiyo." Ukumbi ulicheka. Mimi nilikuwa nimeinama natazama viatu vyangu.

Bwana Banda, kwa nia njema kabisa, akanyoosha mkono. "Mzee, tuonyeshe basi slipu zenu mnazijaza vipi."

Mzee akatoa moja mfukoni, ya mwaka ule, akaieleza mbele, akaigeuza, akaeleza nyuma. Na pale pale, akiwa ameishikilia juu watu waione, nikamwona anaelewa. Mkono ukashuka taratibu.

"Mwaka jana mlihesabu huku mbele," akasema. "Mwaka huu mmehesabu huku nyuma." Akairudisha slipu mfukoni. "Basi hatujakua. Tuko palepale tulipokuwa. Naomba radhi kwa kuwasumbua na safari. Aliyepiga hesabu ni mtu niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, kwa hiyo kosa ni langu."

Hakutaja jina langu. Hakunitazama. Akarudi kwenye kiti chake akakaa, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Kati ya aibu zote nilizopata kazini, hiyo ndiyo bado inaniamsha.

Nilimfuata nje wakati wa chai. Alikuwa amesimama karibu na ukuta, kikombe mkononi, chai haijaguswa.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Kabla sijatuma."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Wangenifungia kwa hesabu yangu, ningekwenda nyumbani na hesabu yangu. Sasa nimepigiwa makofi kwa kitu sikukifanya, tena uzeeni. Mbona umenifanyia hivi, we Tusekile?"

Miaka yote ile hakuwahi kuniita kwa jina. Nililia pale pale mbele ya wageni, sikujali.

Mkuu wa kanda aliniandikia barua ya onyo, halali yangu, na akaniamuru nikahesabu upya. Nilikwenda Ubaruku siku tatu. Mzee Kihwele mwenyewe aliyashusha maboksi ya mwaka jana, akapangusa vumbi, akaketi mkabala nami. Yeye alisoma majina, mimi niliweka alama. Siku ya kwanza hatukuongea lingine. Siku ya pili alianza kunieleza, huyu amefariki, huyu amehamia Chunya, huyu alisomesha watoto wote wanne kwa mpunga wa robo eka na sijui alifanyaje. Siku ya tatu tulicheka mara moja, kwa sababu ya mtu aliyejiandikisha kwenye vikundi vitatu kwa majina matatu ili apate nafasi ya mbele kwenye foleni. Nilimshukuru Mungu kwa kicheko kile.

Matokeo yalikuwa haya. Ukipima kazi kwa kila mtumishi, majina kwa majina, Ubaruku ilikuwa juu ya matawi yote niliyoyajua katika nchi zote nne. Mwaka ule ilikuwa juu, mwaka wa nyuma yake ilikuwa juu, na kwa yale maboksi mengine tuliyochungulia, ilikuwa juu tangu mwanzo. Ndiyo maana haikukua. Watu watatu waliokuwa wanafanya kazi mpaka mwisho wa nguvu zao tangu siku ya kwanza, wakue waende wapi? Na yale matawi yaliyokuwa yamezembea, yalipoamka kidogo tu, jedwali liliyasifu.

Niliandika yote hayo. Niliitwa mara tatu kuielezea namba ile ya kweli, mimi ambaye ya uongo sikuulizwa hata mara moja. Bwana Banda alisimama upande wangu, akasema upande wake angetoa matawi mawili apewe hilo moja. Wakubwa walinisikiliza kwa heshima. Wakasema kanuni ilikuwa ukuaji, na nchi zote nne zimepimwa kwa kanuni hiyo, hawawezi kuibadilisha kwa ajili ya tawi moja. Nami ningewajibu nini? Kubadilisha kipimo katikati ya kupima ndiko kulikonipa barua ya onyo.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini ripoti zinarudishwa, furahini. Ombeni zirudishwe, maana ile yangu ya uongo haikurudishwa. Na kwenye jedwali la ukuaji wekeni daima safu nyingine inayoonyesha kila mtu alianzia wapi, hata kama hamkuombwa. Wakiifuta, iwekeni tena mwaka unaofuata. Mimi niliiweka kila mwaka mpaka nastaafu, na miaka ya mwisho waliacha kuifuta, sijui ni kwa kukubali au kwa kuchoka.

Tawi la Ubaruku lilifungwa baada ya mavuno. Nilitumwa mimi kuchukua funguo. Wangeweza kumtuma dereva peke yake, lakini niliomba.

Nilimkuta amekwisha kufagia. Meza zimefutwa, viti viwili vimepangwa ukutani, maboksi yamefungwa kamba. Wakulima wachache walikuwa wamekaa kwenye ngazi hawana la kuweka wala la kuchukua, wamekuja tu. Akanikabidhi funguo, nikasaini. Kisha akanisogezea kaunta buku tatu zilizofungwa kwa utepe wa gunia.

Nikafungua ya juu. Yalikuwa majina. Mstari mmoja, jina moja, mwandiko ule ule, ukurasa baada ya ukurasa, hakuna jumla mahali popote.

"Ni wote walioandikwa nyuma," akasema. "Tangu tufungue."

"Baba, makao makuu hawana pa kuziweka hizi."

"Sikuwaandikia wao, mwanangu. Nimekuandikia wewe. Wewe si ndiye unayejua kuhesabu?"

Nilimpigia magoti kumuaga, kama binti anavyomuaga baba. Gari lilipoingia barabara kuu nikaweka daftari la kwanza mapajani nikaanza kuhesabu kwa kidole. Dereva akauliza, "Mama unasoma Biblia?" Nikamwambia hapana, niko kazini. Kufika Chimala nilimwomba asimamishe gari, kwa sababu machozi yalikuwa yanadondokea kwenye majina ya watu na nilikuwa nimeanza kuruka mistari.